UZI: Nesi wa utafiti wa saratani anafanya nini hasa? Leteni maswali

SistaWaMpakani

Wadau, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa bei za vipimo kuna mtu ameandika kwamba manesi wa utafiti pale hospitali ya Mulago kazi yao ni "kujaza fomu na kugawa nauli". Watu wakacheka, wakamuunga mkono. Nimeona nisichafue uzi wa wenzangu, nifungue wangu.

Mimi ni nesi, mtoto wa Busia upande huu wa Uganda. Niko Kampala kwenye utafiti wa saratani, na ni kweli, fomu najaza na nauli nagawa. Mradi sitautaja, jengo sitalitaja, na mgonjwa yeyote nitakayemsimulia nimembadilisha kiasi kwamba hata ndugu yake hatamtambua.

Kwa ambaye hajui: utafiti wa tiba ni pale dawa mpya, au dawa za zamani zilizopangwa upya, zinapopimwa kwa wagonjwa waliokubali wenyewe. Kila kitu kinafuata kitabu kinachoitwa itifaki: nani anafaa kuingia, dozi kiasi gani, damu itolewe lini, dawa isimamishwe wakati gani. Hapa kwetu hauanzi mpaka upite kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ukiwa na dawa ndani yake, Mamlaka ya Dawa ya Taifa nayo iukubali. Juu ya wote yuko mtafiti mkuu, mara nyingi daktari. Jina ni lake na lawama ni zake.

Sasa mgonjwa akifika asubuhi, nani anampokea? Nesi. Nampima uzito na urefu, kwa sababu dawa nyingi za kemo, zile dawa kali za kuua saratani, hupigiwa hesabu kwa ukubwa wa mwili. Mgonjwa wa saratani anaweza kukonda sana kati ya dozi moja na inayofuata. Ukinakili uzito wa mwezi jana kwa sababu foleni imefika mlangoni, umempa dozi ya mtu mwingine. Halafu naangalia majibu ya damu. Chembe nyeupe ziko ngapi? Chembe sahani, zile za kugandisha damu? Figo zinasemaje? Zikiwa chini ya kiwango cha itifaki, leo hakuna dripu, hata kama mtu ametoka Kasese kwa basi la usiku. Wa kumwambia hivyo ni mimi, na wa kumtafutia pa kulala ni mimi.

Dawa ikianza kuingia, nakaa naye. Kuna ile nyekundu, doksorubisini, na kuna vinkristini. Hizi zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama, kidonda chake kinaweza kuchukua miezi kupona. Mgonjwa ambaye mishipa imeshakauka kwa kuchomwa kila mara, kumpata mshipa mzuri ni kazi ya mikono iliyozoea. Na hiyo vinkristini ni ya mshipani tu. Ikikosewa ikaingizwa kwenye uti wa mgongo, inaua. Kwa hiyo sindano mbili zikiwa kwenye trei moja, hasa wodi ya watoto ambako dawa nyingine za uti wa mgongo zinatolewa, unasoma lebo kwa sauti na mwenzako anasoma naye.

Haya, ulizeni.

BodaWandegeya

Naweka kambi hapa. Lakini sista usianze na mbwembwe, jibu swali la mtaani kwanza. Si ndio nyinyi mnaowafanya watu wetu panya? Dawa ya mzungu inajaribiwa kwa maskini, ikishafaulu inauzwa kwao.

FundiTororo

Boda ameuliza langu. Na hizo dawa za bandia je? Nilisikia wengine wanapewa maji tu.

SistaWaMpakani

@BodaWandegeya swali lako si la mtaani, kamati ya maadili hulianza hilo hilo: jamii hii itafaidika nini? Na historia ya utafiti Afrika ina madoa yake, sitayafuta kwa kuandika vizuri hapa.

Lakini angalia upande wa pili. Saratani ya Kaposi, ile ya madoa meusi kwenye ngozi na miguu kuvimba, kwa wenzetu Ulaya ni nadra. Hapa, pamoja na virusi vya Ukimwi, imetuondolea watu wengi. Nani atapima tiba yake kama si sisi wenye wagonjwa? Kulikuwa na utafiti mkubwa uliolinganisha njia tatu za kemo kwa Kaposi iliyokomaa, wagonjwa wote wakiwa pia kwenye ARV. Ulifanyika Uganda, Kenya, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, na majibu yakatoka mwaka 2020. Njia ya dawa iitwayo paklitaksieli ilizishinda nyingine mbili. Haikuwa dawa ya siri, ilikuwepo madukani. Kilichokosekana ni ushahidi uliotoka kwenye miili ya watu wanaoishi kama sisi, wanaokula tunachokula, wanaofika hospitali wamechelewa kama sisi.

@FundiTororo kwenye saratani huwezi kumnyima mtu tiba iliyopo ili umpe maji. Dawa tupu, hiyo unayoiita ya bandia, ikitumika, kwa kawaida inawekwa JUU ya tiba ya kawaida. Wote wanapata ile ya kawaida, halafu kundi moja linaongezewa dawa mpya na jingine linaongezewa kitu kinachofanana nayo. Utafiti ukiwa na dawa tupu, lazima iandikwe kwenye fomu ya ridhaa na lazima uambiwe. Usipoambiwa, simama utoke.

MzeeArua

Binti yangu, mimi nimesoma kimya kimya lakini hapo kwenye fomu ya ridhaa acha niseme. Marehemu mke wangu alitibiwa hospitali fulani, siitaji. Akaja kijana na karatasi nyingi za Kiingereza, akazungumza haraka haraka, kidogo Kiingereza kidogo Kiganda. Sisi ni watu wa West Nile. Nyumbani ni Kilugbara, na mimi Kiswahili nilikipata jeshini. Akasema weka kidole hapa, mama akaweka. Tulipotoka nje akaniuliza, "Nimekubali nini?" Sikuwa na jibu.

SistaWaMpakani

Pole sana mzee wangu. Hiyo haikuwa ridhaa. Ilikuwa wino tu.

Sheria za utafiti ziko wazi hapo. Fomu iwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi, aweke kidole, na shahidi atie sahihi kwamba maelezo yalitolewa na maswali yakajibiwa. Nakala mnakwenda nayo nyumbani. Mkitaka kwenda kushauriana na wazee wa ukoo mnakwenda, na hakuna wa kuwaharakisha. Na mtu anaweza kujitoa siku yoyote, akaendelea kutibiwa kama mgonjwa mwingine.

Niwaonyeshe jinsi inavyokwenda ikifanywa sawasawa, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuiona. Mama mmoja alikuja na mtoto mwenye uvimbe wa taya. Wakimbizi kutoka Congo, Kiswahili chao ni kile cha mashariki kule. Nimekaa naye kwenye benchi nje, si ofisini, ofisini watu wanaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Nimemweleza ugonjwa, nimemweleza tiba ya kawaida, nimemweleza kwamba kuna njia mbili zinazolinganishwa. Akanikatiza:

"Musawo (ndivyo tunavyoitwa wahudumu wa afya), wewe chagua. Wewe ndiye unajua."

Hapo nesi mwenye haraka anashukuru Mungu na kutoa kalamu. Mimi nikamwambia: mama, sichagui. Daktari hachagui. Kompyuta inagawa, na sisi sote tunapokea. Tungekuwa tunajua ipi ni bora, tungempa mwanao hiyo sasa hivi na pasingekuwa na utafiti. Akanyamaza. Akauliza kama kompyuta inamjua mtoto wake. Nikasema haimjui, na ndiyo sababu tumeiachia, ili asiwepo wa kumpendelea mtoto wa fulani. Akataka kujua, "Na nikipata ile nisiyoitaka?" Tukaanza tena.

Tulipomaliza sikumuuliza kama ameelewa. Kila mtu huelewa akiulizwa hivyo. Nikamuuliza: "Jioni ukimpigia baba yake simu, utamwambia nini?" Akaanza kunisimulia mimi kana kwamba ndiye mume. Pale alipokosea nikarudi pale tu. Akasema anataka kumpigia kweli kwanza. Akaondoka bila kusaini, akarudi kesho yake na maswali mapya, mawili yakiwa ya mumewe.

Hiyo ndiyo fomu ninayojaza.

DkChumbaCha3

Nachangia kama daktari. Nawaheshimu manesi, lakini tusitiane chumvi. Mwenye kuamua mgonjwa anafaa kuingia ni daktari. Mwenye kuamua kama madhara yametokana na dawa ni daktari. Nesi anatekeleza. Ukimwita mtafiti unachanganya watu.

MaabaraKwanza

Daktari, njoo maabara uone utekelezaji ukienda kombo. Kuna tafiti ambazo tunataka kujua dawa inakaa mwilini muda gani, kwa hiyo damu inatolewa kabla ya dozi, kisha nusu saa, saa moja, mbili, nne, nane, na kuendelea. Nesi mmoja aliniletea chupa zimeandikwa saa za kwenye ratiba, zote zimenyooka kama rula. Mwingine huleta 10:34, 11:02, 12:07. Huyo wa pili ndiye ninayemwamini, maana hakuna binadamu anayepata mshipa kwa dakika iliyopangwa mara zote. Aliandika saa ya kweli. Hesabu inakubali dakika nne za kuchelewa kama ameziandika. Akizificha, mchoro wote wa dawa unadanganya na hakuna atakayejua.

Na akivuta damu kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, chembe zinapasuka, naletewa maji mekundu. Sampuli imekufa kabla haijafika kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri.

SistaWaMpakani

Maabara nitakununulia rolex siku moja, ile chapati ya mayai, ya mayai mawili.

Daktari, kwenye sheria uko sahihi kabisa. Sahihi ni yako. Lakini nikuulize: unaposaini kwamba mgonjwa ana madhara ya daraja la pili, umelijuaje daraja hilo? Nisimulie kisa, halafu uniambie nani alitafiti.

Alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani, yuko kwenye paklitaksieli. Mnajua dawa hii hula mishipa ya fahamu, vidole vinakufa ganzi, nyayo zinawaka. Madhara yote tunayapima kwa madaraja, 1 hadi 5, kwa kitabu kimoja kinachotumika dunia nzima ili ganzi ya Kampala ilingane na ganzi ya Chicago. Kwa ganzi ya vidole, kama inakuzuia kazi kama kupika, kwenda sokoni, kushika simu, hiyo ni daraja la 2. Ikikuzuia kujihudumia mwenyewe, yaani kuoga, kula, kuvaa, hiyo ni 3. Tofauti ya 2 na 3 inaweza kuamua dozi ipunguzwe au isimamishwe.

Mzee kila akiulizwa anasema "Niko sawa, musawo, vidole vinachezacheza tu." Kwa daktari amesema hivyo hivyo. Kwenye fomu ingekuwa 1. Sasa siku hiyo nataka kumsikiliza kifua, nikamwambia afungue shati. Akaanza kifungo cha kwanza. Kikateleza. Akajaribu tena, macho yanaangalia vidole, maana havimwambii tena vimeshika nini. Mkewe aliyekuwa pembeni akaja akafungua vyote vitano haraka, bila kusemeshwa, jinsi mtu anavyofanya jambo analolifanya kila siku.

Nikamuuliza mama, "Asubuhi nani anamvisha?" Mzee akamkata jicho. Mama akasema, "Mimi. Tangu dozi ile ya juzi."

Fundi cherehani, kifungo kimemshinda. Daraja la 3. Nikaandika nilichokiona na aliyekisema, nikamwita daktari kabla dripu haijafungwa. Dawa ikasimama.

Kwa nini alificha? Aliogopa kutolewa kwenye utafiti. Vipimo vya bure, dawa za bure, nauli, na watu wanaompigia simu. Ukitolewa unarudi kwenye foleni. Wagonjwa wetu wengi wanaficha madhara kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna dodoso litakalolitoa. Analitoa nesi aliyekaa miaka wodi ya saratani, anayejua ganzi inavyoonekana kabla haijatamkwa.

Takwimu zikitoka kwenye jarida, "asilimia fulani walipata ganzi ya daraja la 3", nambari hiyo ilianzia kwenye kifungo cha shati. Angekuwepo nesi mwingine ingeandikwa 1, dawa ingeonekana pole kuliko ilivyo, na fundi wa Soroti mwaka ujao angepewa kamili.

DkChumbaCha3

Nimekupata. Hicho kifungo nitakifundishia wanafunzi. Bado nasema mtafiti ni neno la itifaki, lakini yaishe.

BodaWandegeya

😂😂 Daktari amekubali nusu. Sista, hebu na ile ya homa uliyosema kwenye uzi wa malaria.

SistaWaMpakani

Ndiyo, hiyo ni muhimu kuliko hata hii ya vifungo, kwa hiyo wenye wagonjwa nyumbani someni vizuri.

Uganda homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine. Mtu akipata joto anakwenda duka la dawa, ananunua Coartem ya malaria, analala. Kwa mtu wa kawaida huenda ikapita. Kwa mtu aliyepigwa kemo wiki moja au mbili zilizopita ni hatari, kwa sababu kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi kinga ya damu huwa imeshuka chini kabisa. Joto la 38 kwa mtu huyo ni dharura. Anahitaji antibiotiki za mshipani haraka, ndani ya saa moja, si kesho. Malaria apimwe pia, lakini isiwe sababu ya kungoja.

Ndiyo maana kila mgonjwa wetu anaondoka na kadi yenye jina la dawa anazotumia na nambari ya simu inayopokelewa usiku. Simu hiyo hukaa kwa nesi. Saa tisa usiku mtu anapiga kutoka Mubende, anaanza na salamu ndefu, habari za watoto, halafu katikati anasema "nina kamalaria kadogo". Unaruka kitandani. Unamuuliza dozi ilikuwa lini, joto ngapi, anatetemeka? Unamwambia nenda hospitali ya rufaa sasa hivi, onyesha kadi, na unapiga simu kule mwenyewe kuwaambia anayekuja ni nani.

Akilazwa, saa zinaanza kuhesabiwa. Kulazwa kokote kusikopangwa kwa mtu aliye kwenye utafiti kunahesabika kuwa tukio kubwa, hata kama amegongwa na boda (samahani Boda), na mara nyingi mfadhili anatakiwa apate taarifa ndani ya saa 24 tangu sisi tujue. Kama ni dawa au si dawa itaamuliwa baadaye, hapo ndipo sahihi ya daktari inapokuja. Watu wanaiona karatasi ya urasimu. Lakini ikitokea watu watatu kwenye nchi tatu wamelazwa kwa shida ile ile, kuna kamati huru inayosoma taarifa hizo na inaweza kuusimamisha utafiti wote. Ikichelewa ya kwako, wa nne anapewa dozi.

NaluMwanafunzi

Sista shikamoo. Niko mwaka wa mwisho wa diploma ya unesi. Nikitaka njia hiyo nipite wapi? Kuna rafiki yangu aliingia mradi moja kwa moja kutoka chuo, ana mshahara mzuri kuliko wa serikali.

SistaWaMpakani

Marahaba mdogo wangu. Hapa nitakuudhi.

Usiingie moja kwa moja. Pata usajili wako wa Baraza la Manesi na Wakunga, kisha nenda wodi ya saratani. Kaa huko. Jifunze kuchanganya kemo bila kujimwagia, jifunze mishipa, jifunze kumwambia mtu habari mbaya, jifunze maumivu. Nchi hii tuna bahati moja ambayo wengi hawaijui: tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa na sheria kuandika morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Tulitangulia wengi duniani hapo, na msingi wake ni kazi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993. Mafunzo hayo yatakufaa kila siku ya maisha yako, utafiti uwepo usiwepo.

Kanuni za utendaji bora wa utafiti, cheti chake unakipata kwa mafunzo ya siku chache, na unakihuisha kila baada ya muda. Kujaza fomu, kusahihisha kwa mstari mmoja na kuweka tarehe badala ya kufuta, kutunza faili, hayo utayajua ndani ya miezi. Lakini miradi mingi inafanya kinyume. Inaajiri kijana mwenye cheti kinachong'aa na Kiingereza kizuri, halafu inategemea saratani ataijua mbele ya safari. Mbele ya safari ni mgonjwa wa mtu. Mimi ningechukua nesi wa wodi mwenye miaka sita ambaye hajawahi kuona itifaki, nikamfundisha itifaki.

Na kuhusu mshahara wa rafiki yako: ni mzuri, na una mwisho. Mkataba wa nesi wa utafiti unakwisha na fedha za mradi. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada na kubana fedha za utafiti wa nje, watu waliokuwa wameiva kabisa walifunga madroo yao wakaenda kuuza nguo soko la Owino au wakaomba kazi Ghuba. Huko serikalini ngazi ya "nesi wa utafiti" haipo kwenye muundo wa vyeo ambao ningeweza kukuelekeza. Ukirudi wodini unarudi kama nesi wa kawaida, na ujuzi wa kupima daraja la ganzi haukuongezei hata shilingi. Tunalea watu, mradi unafunga, tunaanza upya na vijana wengine. Hili linanikera kuliko maneno ya "kugawa nauli".

MwalimuMstaafuMbale

Nimefurahi mmefika kwenye kulea watu, maana historia yenyewe ya mahali hapo inalisema hilo.

Vijana mnajua kwamba utafiti wa saratani Uganda si jambo la juzi? Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 wakina Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona humo, kile kinachoitwa leo Epstein-Barr. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani. John Ziegler akaiongoza, wakapima kemo za kuchanganya kwa watoto wale wale, na wengi wakapona wakati dunia ilikuwa bado inabishana kama saratani inaponywa kwa dawa. Ziegler alipata tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani, mwaka 1972 pamoja na wengine, Burkitt akiwemo.

Halafu ikaja zama ya Amin, Wamarekani wakaondoka. Charles Olweny akaishika taasisi. Dawa zilikuwa za shida, kila kitu cha shida, lakini milango haikufungwa. Baadaye Katongole-Mbidde, halafu Jackson Orem. Majengo mapya na ushirikiano na Fred Hutch, kituo cha utafiti wa saratani cha Seattle, Marekani, kituo chao kikafunguliwa 2015.

Nimewatajia majina. Hesabuni nesi ni wangapi.

FundiTororo

Sifuri mwalimu.

MwalimuMstaafuMbale

Na nani alikuwa anawachoma watoto sindano, na nani aliwajua kwa majina ya mama zao?

MzeeArua

Sista, nina swali la mwisho kisha nalala. Sasa ni dada wa marehemu. Amekutwa na saratani ya shingo ya kizazi, na wamemwambia kuna utafiti. Safari hii nataka kwenda nikijua la kuuliza.

SistaWaMpakani

Mzee wangu, nenda na kalamu.

Muulize tiba ya kawaida kwake ingekuwa ipi kama utafiti usingekuwepo. Akishindwa kuijibu hiyo kwa maneno mepesi, ngoja. Muulize mionzi ataipata wapi na foleni ikoje, kwa saratani hiyo mionzi ni nguzo, na mnakumbuka mwaka 2016 mashine pekee ya nchi ilipokufa watu walivyotaabika. Muulize damu na vipande vya nyama vitawekwa wapi, vitasafirishwa nje au la, kwa sababu hilo lina kisanduku chake kwenye fomu na anaweza kulikataa peke yake akakubali mengine. Muulize nani atalipa akidhurika. Nauli inalipwaje, anapewa mkononi au anarudishiwa baadaye? Utafiti ukifunga na dawa inamsaidia, ataendelea kuipata?

Na omba simu ya nesi, siyo ya ofisi. Ipigie papo hapo mkiwa bado chumbani, uone kama inaita.

Kuhusu lugha, mwombeni wa kuzungumza Kilugbara. Wakisema hayupo, waambie mtangoja mpaka apatikane. Ni haki yake, msijisikie mnasumbua.

MzeeArua

Asante mwanangu. Jambo moja dogo. Huyu shemeji anakunywa mululuza, yale majani machungu ya dawa, aliyochemshiwa na jirani, asubuhi na jioni. Nimwambie asiwatajie?

SistaWaMpakani

Hapana mzee, awatajie! Tena aje na majani yenyewe kwenye mfuko. Dawa za miti shamba nyingine zinagombana na kemo, nyingine zinalisumbua ini, na majibu ya ini yakipanda tutadhani ni dawa ya utafiti. Nesi akimfokea kwa ajili ya mululuza, mbadilishieni nesi. Sisi tunaandika tu: jina, kiasi, tangu lini. Kama kuna la kuacha, ataambiwa na sababu yake.

Kesho nikitoka zamu ya usiku niandikie ujumbe wa pembeni wilaya mliyopo, nikuelekeze kliniki ya kuanzia.